James Joule, mpika bia aliyeutafuta umeme wa bei rahisi na kukuta hesabu yake

Umeme ulio ndani ya betri ya redio unapimwa kwa juli. Uniti unayonunua kwa LUKU nayo ni juli, tena milioni 3.6 kwa uniti moja. Waliosoma fizikia wanaikumbuka juli kama herufi J inayoandikwa mwishoni mwa jibu. Wachache wanajua kwamba ni jina la mtu, James Prescott Joule, na kwamba mtu huyo alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha bia. Wachache zaidi wanajua kwamba alianza kazi akiwa na tumaini linalozunguka leo kwenye simu zetu: mashine ya umeme inayotoa nguvu nyingi kwa gharama ndogo sana.

Tunayasimulia maisha yake kwa sababu ya video za umeme wa bure. Zamani zilionyesha feni, sumaku na taa inayowaka bila waya kuonekana. Siku hizi ziko zinazoonyesha skrini ya kompyuta. Kuna mchoro wa saketi, mistari ya rangi inapanda na kushuka, na namba pembeni zinasema zimeingia wati 5 na zinatoka wati 50. Baada ya hapo unaombwa pesa ya mchoro, au ya vifaa, au ya kiingilio cha kikundi. Fundi kijana wa Kagondo, iwe ya Bukoba au ya Muleba, anayejua kuunganisha sola na kutengeneza redio, atajiuliza swali la haki kabisa: kompyuta inaweza kudanganya? Maisha ya Joule yanatoa jibu refu lakini lenye faida.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 huko Salford, mji uliopakana na Manchester nchini Uingereza. Baba yake alikuwa tajiri kwa bia. Mtoto huyu alikuwa dhaifu, mgongo wake ulikuwa na kasoro, na masomo yake mengi aliyapata nyumbani. Alipokuwa na miaka kama 16, yeye na kaka yake walipelekwa kwa John Dalton, mzee maarufu kwa nadharia ya atomu, awafundishe hesabu na sayansi. Mwaka 1837 Dalton alipatwa na kiharusi na masomo yakakatika. Joule hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Ujana wake ulikuwa wa kiwandani na wa majaribio, yakiwemo ya kupigana shoti za umeme na kaka yake, na kuwapiga hata watumishi wa nyumbani, jambo ambalo leo tusingemshauri mtu yeyote.

Kiwanda kiliendeshwa kwa injini ya mvuke, na injini ilikula makaa ya mawe. Mwaka 1838, akiwa na miaka 19, Joule alichapisha maelezo ya mota ya umeme aliyoibuni mwenyewe. Alitaka kujua kama betri na sumaku za umeme zinaweza kuchukua nafasi ya mvuke. Hesabu yake ya mwanzo ilimpa moyo. Aligundua kwamba mkondo wa umeme ukiongezwa mara mbili, mvuto wa sumaku mbili za umeme unakuwa mara nne; mkondo ukiwa mara tatu, mvuto ni mara tisa. Kijana yeyote angeona utajiri hapo: ongeza betri kidogo, upate nguvu nyingi. Wakati ule Ulaya nzima ilikuwa na homa ya mota za umeme, na Joule aliamini kabisa kwamba mvuke utatupwa pembeni.

Tofauti yake na wenzake wengi ni kwamba alipima.

Kwanza aliona kwamba mota ikishaanza kuzunguka kwa kasi, mkondo unapungua. Mota yenyewe inausukuma umeme kurudi nyuma. Kisha aliona kwamba waya zinapata joto. Mwaka 1840 alizungushia waya kwenye vyombo vya maji, akapitisha mkondo na kusoma kipimajoto. Alikuta kwamba joto nalo linakua kwa kanuni ile ile: mkondo mara mbili, joto mara nne. Faida aliyoiona kwenye sumaku ilikuwa na mdai wake ndani ya waya. Kanuni hiyo ndiyo sababu waya mwembamba wa ekstensheni unayeyuka ukichomeka pasi na hita pamoja, wakati kwa taa na chaji ya simu ulikaa miaka bila tatizo.

Mwaka 1841 alipiga hesabu ya mwisho ya mota yake. Betri za wakati ule zilikula madini ya zinki kama vile jiko linavyokula kuni. Ratili moja ya makaa ya mawe katika injini bora za mvuke za Cornwall iliweza kuinua mzigo wa ratili 1,500,000 kwa futi moja. Ratili moja ya zinki katika betri na mota yake iliinua ratili 331,400 tu. Makaa yalishinda zaidi ya mara nne, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa. Joule alikiri hadharani kwamba karibu anakata tamaa na mota kama chanzo cha nguvu cha bei nafuu.

Hesabu hiyo bado iko sebuleni kwetu. Betri kavu ya kawaida ya redio ina kopo la zinki, na ndilo linaloliwa mpaka kutoboka, maji yanavuja na kuharibu spring'i. Betri ndogo nzuri ya alkalaini ina kama juli 10,000. Kupata uniti moja ya LUKU ungehitaji betri kama hizo 360. Piga bei ya dukani kwako uone.

Mtu mwingine angeacha. Joule alibadilisha swali. Kama joto linatokea kwenye waya, linatoka wapi? Wanasayansi wengi wa wakati ule waliamini joto ni kama kimiminika kisichoonekana, hakitengenezwi wala hakipotei, kinahama tu. Joule alichukua koili ndogo, akaiweka ndani ya chombo cha maji katikati ya sumaku, akaizungusha kwa mizigo inayoshuka kwa kamba. Koili ilizalisha umeme, umeme ukapasha waya joto, maji yakapata joto. Hapakuwa na betri wala moto. Kilichoingia ni kazi ya mzigo kushuka, basi.

Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo anaijua siri hii kwa magoti yake. Taa ikiwa imezimwa, gurudumu ni jepesi. Ukiiwasha, mlima unakuwa mrefu zaidi. Umeme wa ile taa umetoka kwenye ugali au matoke uliyokula. Mashine nyingi zinazouzwa kama za umeme wa bure ni mota inayozungusha dainamo inayolisha mota hiyo hiyo. Joule alikuwa na kila kifaa cha kuijenga mashine hiyo mwaka 1843, na namba zake mwenyewe zilimwambia kwa nini itasimama: kila mzunguko unaacha sehemu ya kazi kwenye waya na kwenye mihimili kama joto.

Agosti 1843 alisoma matokeo yake mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Cork, Ireland. Ukumbi ulikaa kimya. Mwaka uliofuata Royal Society ya London ilikataa kuchapisha kazi yake nyingine, iliyohusu joto la hewa inayogandamizwa. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu wauzaji wa umeme wa bure hupenda kusema kwamba wavumbuzi wakubwa wote walikataliwa. Ni kweli Joule alikataliwa. Lakini alijibu kwa kurudia kipimo kwa njia nyingine, kisha nyingine tena, na kila mara aliandika uzito, urefu, joto na makosa yanayowezekana, ili asiyemwamini afanye mwenyewe. Hakuuza mchoro wa siri kwa mtu.

Jaribio lililompa jina lilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha. Alitengeneza chombo cha shaba chenye mapanga ndani, kama mwiko wa kukoroga, akakijaza maji. Mapanga yalizungushwa na vipande viwili vya risasi, kilo 13 hivi kila kimoja, vilivyoshuka kama mita 1.6. Vikifika chini anavipandisha, vinashuka tena, mara 20. Baada ya kazi yote hiyo maji yalipata joto la kama theluthi moja tu ya nyuzi ya Selsiasi.

Nani anaweza kupima kitu kidogo hivyo? Mpika bia. Katika kiwanda cha baba yake, joto la pipa likikosea kidogo, bia inaharibika na pesa inapotea. Wanaotengeneza rubisi huku kwetu wanajua mtumbwi wa juisi ya ndizi ukichachuka vizuri unakuwa na uvuguvugu wake, na ukipoa mapema kuna kitu kimekosewa. Wao wanapima kwa mkono na kwa harufu. Joule alikulia katika kazi hiyo, lakini akiwa na vipimajoto. Fundi wa Manchester, John Benjamin Dancer, alimtengenezea vipimajoto ambavyo Joule alisema anaweza kuvisoma mpaka sehemu moja ya 200 ya nyuzi ya Farenhaiti. Wasomi wa London walikuwa na sababu ya kushangaa, hawakuwahi kuisimamia bia.

Jibu alilofikia mwaka 1850 lilikuwa kwamba kupasha ratili moja ya maji nyuzi moja ya Farenhaiti kunahitaji kazi ya kushusha ratili moja kutoka urefu wa futi 772. Kwa vipimo vyetu vya leo, kilo moja ya maji kupanda nyuzi moja ya Selsiasi ni sawa na kilo moja kushuka mita 427 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kutoka nyuzi 20 ni juli 335,000, kazi inayolingana na kuinua gunia la kilo 50 kwenda juu mita 680. Nayo uniti moja ya LUKU ni gunia la kilo 100 kuinuliwa wima mita 3,670. Ukiziweka namba hizo akilini, ahadi ya kisanduku kidogo mezani kinachowasha jiko la umeme bila kulishwa chochote inaanza kusikika tofauti.

Bahati ya Joule iligeuka mwaka 1847 katika mkutano wa Oxford. Kati ya waliomsikiliza alikuwepo kijana msomi, William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin. Thomson hakukubali mara moja, lakini hakuweza kulisahau jambo lile. Agosti mwaka huo Joule alimwoa Amelia Grimes, wakaenda kutembea katika milima ya Alps. Thomson alisimulia baadaye kwamba walikutana njiani huko, na Joule alikuwa na kipimajoto kirefu mkononi, akitafuta maporomoko ya kupima kama maji ya chini yana joto kuliko ya juu. Simulizi hiyo huenda imeongezwa chumvi kidogo, lakini wazo lake ni sahihi. Maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera, kule Ngara, yana kimo cha mita 15 hivi. Kwa hesabu ya Joule, maji yakianguka bila kuguswa yanapata joto la sehemu tatu na nusu za mia ya nyuzi moja. Weka mtambo katikati, kazi ile ile inatoka kama umeme. Mitambo ya Rusumo ya megawati 80, inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ni mizigo ya Joule inayoshuka kwa kamba, isipokuwa mzigo ni mto, na anayeupandisha tena juu ni jua kwa njia ya mvua.

Hakuwa peke yake. Daktari Mjerumani, Julius Robert Mayer, alikuwa ameandika wazo hilo mwaka 1842, na Hermann von Helmholtz alilipanga kwa hesabu mwaka 1847. Kulikuwa na ugomvi kuhusu nani alitangulia. Lakini namba iliyopimwa vizuri ilikuwa ya Joule.

Sasa turudi kwenye ile skrini ya kompyuta.

Programu zinazoigiza saketi zina asili yake katika programu moja iitwayo SPICE, iliyotolewa mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Laurence Nagel chini ya mwalimu wake Donald Pederson. LTspice, ambayo mafundi wengi huipakua bure, ni ya ukoo huo. Nyingine ndogo zinafunguka hata kwenye simu. Ndani yake hakuna umeme. Kuna kanuni mbili za Gustav Kirchhoff, alizozitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi: mkondo unaoingia kwenye kiungo ni sawa na unaotoka, na volti za kuzunguka saketi nzima zikijumlishwa zinakuwa sifuri. Kutokana na hizo mbili, nguvu inayotolewa na vifaa vyote pamoja na inayoliwa na vifaa vyote lazima zilingane, kila wakati. Programu iliyojengwa hivyo haiwezi kugundua umeme wa bure. Ikionyesha wati 50 zinatoka, kuna kifaa kwenye mchoro kilichozitoa.

Kifaa hicho mara nyingi ni betri ya mchoro. Betri ya kuchorwa haina zinki ya kuliwa. Itatoa volti 12 mpaka kompyuta izimwe. Wakati mwingine ni chanzo cha mawimbi kinachoendesha transista, ambacho mchoraji amekiacha nje ya hesabu kana kwamba ni swichi tu. Au ni kapasita iliyoanzishwa ikiwa imejaa, au koili isiyo na ukinzani hata kidogo, kitu ambacho huwezi kukisuka kwa waya wa shaba. Ipo pia hila ya kuonyesha volti bila wati. Koili ikikatiwa mkondo ghafla inaweza kuruka mamia ya volti kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Ukipima kilele tu utaona muujiza, ukipima wastani utaona kidogo kuliko ulichoweka.

Kuna kosa moja ambalo si la makusudi. Programu haihesabu wakati wote, inaruka kwa hatua. Hatua zikiwa ndefu mno, makosa madogo yanajumlika na mstari unavimba wenyewe, saketi inaonekana kupata nguvu kutoka hewani. Fupisha hatua uendeshe tena. Nguvu inayopotea kwa kubadilisha mpangilio wa programu haikuwahi kuwepo.

Fundi mwenye LTspice anaweza kumaliza ubishi ndani ya dakika tano. Akishikilia kitufe cha Alt na kupeleka kishale juu ya kifaa, kishale kinageuka kuwa picha ya kipimajoto. Akibofya, anapata nguvu ya kifaa hicho. Nadhani Joule angeifurahia picha hiyo. Kisha akishikilia Ctrl na kubofya jina la mstari ule, programu inampa wastani, na jumla kwa juli. Afanye hivyo kwa kila kifaa, vyanzo vyote vikiwemo, hata kile kinachoitwa cha kuwasha tu, halafu ajumlishe. Kwa muuzaji asiye na kompyuta mbele yako swali ni jepesi zaidi: kama zinaingia wati 5 na kutoka 50, mwambie achukue 5 kati ya hizo 50, azirudishe mwanzoni, na aondoe betri mbele ya macho yako.

Haimaanishi mchezo wa saketi ni upuuzi. Kuna saketi ndogo ambayo mafundi wa Kiingereza waliipa jina la utani, mwizi wa juli: transista moja, rezista moja na koili ya nyuzi mbili kwenye kipete cha ferati. Inachukua betri ambayo redio imeshaikataa na kuwasha taa ya LED kwa saa nyingi. Wapo wanaoirekodi video na kuiita umeme wa bure. Ni kama kukamua tena ndizi ambazo mwenzako amezitupa; juisi ilikuwemo. Kwa nyumba inayoanika betri juani ili zipate uhai wa siku moja, saketi hiyo ina maana kuliko michoro yote inayouzwa, na unaweza kuijaribu kwenye programu kabla ya kununua transista.

Joule mwenyewe hakutajirika kwa ugunduzi wake. Amelia alifariki mwaka 1854, akamwachia watoto wawili wadogo. Mwaka huo huo kiwanda cha bia cha familia kiliuzwa. Aliendelea kupima nyumbani kwake, wakati mwingine pamoja na Thomson, na kazi yao kuhusu gesi inayopoa ikitanuka ikaja kutumika kwenye mitambo ya kuigeuza hewa kuwa kimiminika. Royal Society, iliyomkataa ujanani, ilimpa nishani yake kubwa ya Copley mwaka 1870. Lakini pesa zilikwisha, na mwaka 1878 serikali ilianza kumpa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Mwaka huo alichapisha kipimo chake cha mwisho cha jaribio la mapanga, akiwa anakaribia miaka 60.

Agosti 1889, mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris uliamua kipimo cha nishati kiitwe kwa jina lake. Alifariki wiki chache baadaye, tarehe 11 Oktoba 1889, mjini Sale karibu na Manchester. Ilikuwa mwaka mmoja kabla Emin Pasha hajafika ufukweni mwa ziwa na kuweka kituo cha Wajerumani Bukoba.

Kaburi lake liko kwenye makaburi ya Brooklands. Juu ya jina lake, kwenye jiwe, wamechonga namba: 772.55, kile kipimo chake cha mwisho. Vipimo vya kisasa vinatoa 778 na kidogo. Yule mpika bia, kwa mwiko wa shaba na vipande vya risasi, alikosea kwa chini ya asilimia moja.